Adabu za Kuomba Umeme Ukweni

Desturi za Usukumani zimemtayarishia mgeni kila kitu: maji ya kunawa, kiti kivulini, ugali, jogoo na maziwa ya mgando, lakini wazee wetu, pamoja na hekima yao yote, hawakutuachia adabu ya mkwe kuomba uniti 20 za umeme, na sisi wamiliki wa magari ya umeme hapa Bariadi (nasema sisi kwa taadhima tu, mwenzangu bado sijamwona) imetulazimu kuitunga wenyewe.

Gari langu ni Nissan Leaf la toleo la kwanza, lililotumika Japani hata likazeeka kwa heshima, na hadi leo kila niliwashapo hunena neno la Kijapani, ambalo mama mkwe, asiyestahimili salamu isiyojibiwa, huliitikia kwa Kisukuma. Betri yake ya kilowati-saa 24 ilikadiriwa huko Marekani kulipeleka kilomita 117 likiwa jipya. Umri na jua vimekwisha kutwaa zaka yao, tena zaka nono. Kutoka Bariadi hadi ukweni kwangu Lamadi, kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma, ni kilomita 70 na kitu. Basi kwenda naweza, ila kurudi ni kwa hisani ya mwenye soketi.

Tulipokwisha kula, na kuzungumza habari za pamba, za dengu, hata za ng'ombe nisiowafahamu, nilimwambia shemeji, kwa sauti ya mtu aombaye chumvi, kwamba gari lilihitaji kuchajiwa kidogo; naye, akidhani ni jambo la kadiri ya simu, akatoa idhini kabla sijamaliza. Ekstensheni ikapitishwa dirishani, juu ya tenga la kuku, na mtoto mmoja aliyeigusa plagi akatangaza kuwa ina homa.

Sasa uniti moja ya LUKU ndiyo kilowati-saa moja, na mteja mdogo wa nyumbani huuziwa uniti 75 za mwanzo wa mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zizidizo hapo kwa shilingi 350. Kwa hiyo usiku ule, bila kelele wala moshi, gari lilikula zaidi ya robo ya mwezi wa shemeji. Kabla ya alfajiri kidude cha LUKU kikaanza kulia ukutani, na shemeji akasimama mlangoni, tochi ya simu mkononi.

"Shemeji," akasema kwa upole uliotisha kuliko ghadhabu, "mbuzi ningekupa bila kuulizwa."

Nikamnunulia umeme kwa simu papo hapo. Naye, kwa kuwa muungwana hakubali kushindwa ukarimu nyumbani mwake, akanitolea mbuzi kweli. Nikarudi Bariadi kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kiyoyozi nimekizima ili betri inifikishe, malori ya pamba yakinipita moja baada ya jingine, na beberu kiti cha nyuma akitoa maoni yake juu ya nishati safi.