Mzee anataka kufunga nini kwenye bastola: tunahesabu kutoka saba kurudi moja

Jirani yangu hapa Madale ni mstaafu mwenye mapenzi matatu: mwembe wake, kahawa isiyo na sukari, na bastola ya milimita 9 anayoimiliki kwa kibali. Bastola yenyewe hatujawahi kuiona. Inalala kabatini chini ya kufuli, na hata yeye alikuwa ameisahau mpaka mkwewe wa Nairobi alipompeleka kutazama mashindano ya kulenga shabaha pale Kirigiti, Kiambu. Aliondoka hapa babu wa watu, akarudi bingwa mtarajiwa.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi tunakaa watatu chini ya mwembe: Mzee na kaunta buku lake, mimi, na dogo wa bodaboda anayejifanya anasubiri abiria. Ndani ya kaunta buku kuna orodha ya vitu vya kufunga. Nimeipanga upya kwa ruhusa yake, vya kuchekesha juu, vya maana chini.

7. Mtutu wa rangi ya dhahabu

Hapana.

"Lakini unang'aa," akasema Mzee.

"Shikamoo Mzee, hata stika za daladala zinang'aa," akajibu dogo. Tukaendelea.

6. Faneli ya magazini

Ni mdomo mpana unaofungwa chini ya mpini ili magazini iingie bila kutafuta njia. Si upuuzi. Kwenye mashindano ya IPSC, shirikisho lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, alama ulizopata zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia, kwa hiyo mkono unaopapasa unalipa kodi. Tatizo ni kwamba Mzee anataka daraja la Production, lililotengwa kwa bastola za kawaida kama yake, na faneli ya namna hiyo huko ni marufuku. Yake itabaki ya kumiminia mafuta ya taa.

5. Bafa

Hapa maneno yanachanganya watu. Kwenye bunduki ya aina ya AR, bafa ni uzito unaokimbia ndani ya bomba la kitako huku ukisukumana na springi. Ya kawaida ina gramu 85 hivi, nzito kidogo inafika 130, na wanaoshindana huipima mpaka bunduki irudi kwa utulivu bila kusahau kuchukua risasi inayofuata. Kwenye bastola, bafa ni kitu kingine kabisa: kipete cha plastiki ngumu kinachovikwa kwenye springi ili slaidi, yaani lile pande la chuma la juu linalorudi nyuma, lisigonge fremu chuma kwa chuma.

"Hiyo ni ile raba ya kwenye shokapu," dogo akasema, na hakukosea sana.

Ila raba inakula nafasi. Ikiwa nene, slaidi hairudi mpaka mwisho, na bastola iliyokuwa haina shida inaanza kukwama. Na ikichakaa inamegeka, vipande vinaingia kwenye mashine. Mzee aliandika "labda" pembeni. Mimi ningefuta.

4. Nukta nyekundu

Kioo kidogo juu ya slaidi kinachokuonyesha nukta ya mwanga: iweke juu ya shabaha, basi. Dogo anasema ni ujanja wa vijana. Kwa kweli ni rehema kwa wazee. Ukishapita miaka hamsini jicho halikubali tena kuona kwa usafi kilengeo kilicho urefu wa mkono na karatasi iliyo mita 25 kwa wakati mmoja. Nukta inakuruhusu uangalie karatasi tu. Nukta ya dakika tatu za pembe, kwa mita 25, inafunika kama milimita 22. Ukitaka kukimbizana chukua kubwa zaidi, ukitaka usahihi chukua ndogo.

Gharama zake ni betri, na vumbi. Mtu anayekaa barabara inayopita malori ya saruji ya Wazo Hill asinunue kioo bila kitambaa. Pia ina daraja lake la mashindano, kwa hiyo Mzee akiifunga anahama chumba.

3. Vilengeo vya kawaida

Cha nyuma kina pengo, cha mbele kinasimama kama msumari. Kanuni ambayo Mzee ameikariri kama jedwali la kuzidisha: sogeza cha nyuma upande unaotaka risasi ziende, cha mbele kinyume chake.

Na hapa lazima tumzungumzie yule Mturuki. Olimpiki ya Paris 2024 (ulengaji ulifanyika Châteauroux, mbali na Paris), Yusuf Dikeç alisimama na miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni, akachukua fedha ya bastola ya hewa mita 10 ya mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Picha ikazunguka dunia nzima, na Mzee aliibandika kwenye jokofu. "Unaona? Hana kitu!"

Ana kitu, Mzee. Ile bastola ni ya mashindano, na mpini wake si wa kuokota dukani. Halafu kwenye mashindano hayohayo Kim Yeji wa Korea Kusini alivaa miwani yenye lenzi na vibati kama fundi saa, akapata naye fedha, ya wanawake. Vidude fedha, mfuko fedha. Upana wa duara la kumi wanalolipigania wote wawili ni milimita 11.5, na hapo jicho linashughulika na kitu kimoja tu: kuona ncha ya kilengeo cha mbele kwa usafi, shabaha iachwe na ukungu wake.

2. Springi za kifyatulio

Kila mtu anataka kifyatulio laini. Bastola ya hewa ya Olimpiki inaruhusiwa kuanzia gramu 500, yaani nusu kilo ya sukari. Kwenye Production ya IPSC hawakubembelezi: ama risasi ya kwanza idai kilo 2.27, au zote zidai angalau 1.36, na waamuzi wanapima kwa kuning'iniza uzito.

Sasa ukilegeza springi inayopeleka pini mbele, kifyatulio kinalainika kweli, lakini pini nayo inagonga kwa unyonge. Fataki ya risasi haiwaki. Unasikia *klik*, saa inakimbia, na watu nyuma yako wanakohoa.

Fundi mageti mmoja alipita akasikia mazungumzo yetu. Akajitolea kukata springi mizunguko miwili kwa grainda, bei ya jirani. Nikamkumbusha kwamba tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 bastola si geti. Akasema alikuwa anatania. Grainda ilikuwa mkononi.

1. Springi ya kurudisha slaidi

Hii ndiyo mama yao. Kwenye bastola ya John Browning ya 1911 yenye risasi ya .45, springi ya kawaida ina nguvu ya ratili 16, kama kilo 7 na robo. Weka nzito zaidi: slaidi inarudi nyuma taratibu, lakini ikienda mbele inajipiga na kuinamisha pua ya bastola. Weka nyepesi: pua inatulia, kilengeo kinarudi mahali pake haraka, lakini slaidi inaipiga fremu kwa kishindo, na siku ya uchafu inashindwa kufunga.

Mabingwa wanatumia nyepesi. Mzee ameona, Mzee anataka. Alichokosa kuona ni risasi zao. Kwenye Production, uzito wa risasi kwa greini mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, ukigawanya kwa 1,000, lazima ufike 125. Greini 124 zikienda futi 1,010 kwa sekunde zinakupa 125.24: zinapita mlangoni kwa kuinama. Washindani wengi hutengeneza risasi laini za kiasi hicho, na springi nyepesi imepimwa kwa risasi hizo. Mzee anatumia za kiwandani, zenye moto zaidi. Springi ya bingwa chini ya risasi ya Mzee ni kupiga fremu nyundo bure.

Nilieleza hivyo kwa dakika kumi, pamoja na mchoro. Mzee akabaki na uso wa mtu aliyenyimwa mkopo. Dogo akaweka kikombe chini.

"Mzee, shokapu ya anayebeba dada mmoja mwembamba kwenda Tegeta huwezi kumfungia anayebeba mifuko ya saruji."

Mzee akamtazama kwa muda. Kisha akachukua kalamu akafuta moja, akafuta mbili, akafika kwenye nukta nyekundu akasita, akaiacha. Akageukia pikipiki iliyoegemezwa ukutani.

"Na wewe, yako mbona inalia ukipita kwenye tuta?"

"Nasubiri bafa, Mzee."