Nani Aliyetia Giza?

(London, 1881. Karakana ya kuchapia ya James Whistler, mchoraji wa Kimarekani. Bwana ametoka, vyombo vyake vinagombea sifa za picha ya usiku wa Venice.)

SINDANO: Msinichoshe. Usiku huu ni wangu. Merikebu nimeichora mimi, na milingoti yake mimi.

TAMBARA: Hongera, Bwana Sindano. Na mbingu je?

SINDANO: Mbingu... niliiacha tupu kwa makusudi.

TINDIKALI: Huyo alikwangua nta tu! Aliyeitafuna shaba hata mstari ukapata kina cha kushika wino ni mimi.

BAMBA: Mmoja kakwangua, mwingine katafuna. Mgongo ni wa nani?

TAMBARA: Pole, Bibi Shaba. Ila ukifutwa ukang'aa, karatasi itatoa mchana mweupe wenye mistari michache. Usiku unaanza pale ninapoacha kufuta.

SINDANO: Unajisifia uvivu?

TAMBARA: Uvivu wenye kipimo. Wachapaji wengine hunitumia kusugua bamba mpaka wino ubaki ndani ya mistari peke yake. Bwana wetu hunipitisha juujuu, utando wa wino ukabaki. Akiuacha mzito, ni usiku wa manane. Akiupunguza pale majini, mwanga unatokeza.

BAMBA: Ni kweli. Jana nilizaa magharibi, leo nimezaa usiku wa manane, wala sikuongezwa mstari.

TINDIKALI: Balaa! Wauza picha wa London, Fine Art Society, waliagiza mabamba 12, kila moja nakala 100. Walitaka picha moja mara 100, sasa watapewa usiku 100!

SINDANO: Tena walimpa miezi 3, naye akakaa Venice zaidi ya mwaka.

TAMBARA: Angerudi kufanya nini? Alikuwa amefilisika. Si alimshtaki mhakiki John Ruskin kwa kuitukana picha yake nyingine ya usiku, ile ya fataki? Mwaka 1878 akashinda, mahakama ikampa fidia ya fadhingi moja.

TINDIKALI: Robo ya peni! Na gharama za wakili?

TAMBARA: Juu yake mwenyewe. Giza alilijua kabla hajafika Venice.

KARATASI (akitoka mtamboni, amelowa): Mmeshamaliza? Mimi ndiye niliyebanwa, na huo mji wenyewe mmenipa kinyumenyume, kulia kumekuwa kushoto.

SINDANO: Bwana huchora bambani kama aonavyo, na kuchapa kunageuza. Watakaogundua ni Wavenice, na wanunuzi wako London.

KARATASI: Haya. Akirudi atanikata kingo zote, aniachie kijiulimi kimoja chini.

TAMBARA: Cha kuandikia majina yetu?

KARATASI: Cha kuchorea kipepeo. Ndiyo sahihi yake.

TINDIKALI: Kipepeo! Usiku kucha tumegombana sisi, hati miliki kapewa mdudu anayelala magharibi.