Nisajilini Kama Mjusi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Wageni,
Hapahapa mjini, mlango usiofunguka bila miadi.

YAH: KIBALI CHA UKAAZI NA MENGINEYO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, pokeeni salamu na shukrani zangu kwa tovuti yenu ya miadi. Kila usiku inanijulisha kwa upole kwamba kwa bahati mbaya nafasi hakuna, nijaribu tena baadaye. Katika nchi hii yote sijapata mwingine anayenijibu haraka namna hiyo, tena kwa Kijerumani chepesi namna hiyo. Ile kalenda yenu ya kijivu naijua kuliko ratiba ya masomo.

Mimi ni mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana. Nimetoka Lindi, nimekuja kujifunza Kijerumani. Nayasema haya kwa sababu mlinzi wenu wa mlangoni bado hajaridhika. Ananyoosha kiganja na kutamka neno moja tu, "Termin?" Nikimweleza kwamba shida iliyonileta ndiyo hiyohiyo, kutafuta hiyo Termin, yaani miadi, ananionyesha kwa kidole bango lenye anwani ya tovuti.

Siku nafasi ilipopatikana (kuna aliyejitoa, Mungu ambariki popote alipo) nilivaa shati la Idi. Mama wa dirishani alizing'oa pini za karatasi zangu moja moja, kwa kuwa karatasi zenye pini hazipokelewi, akazipanga, akaanza kukagua. Mkataba wa chumba upo. Bima ya afya ipo. Akaunti iliyofungwa ipo, euro 992 kwa kila mwezi, fedha za korosho na ufuta za ukoo mzima, ambazo zimelala benki ili zithibitishe kuwa sitalala njaa. Kisha akafika kwenye pasipoti. Nilikuwa nimetoa nakala ya kila ukurasa wenye muhuri. Akauliza, kurasa tupu ziko wapi? Nikamwambia, mama, hazina kitu. Akasema anajua hazina kitu, ila hazimo. Nikaombe miadi nyingine.

Nikiri pia kwamba dirisha lenu ndilo darasa langu bora. Mwuza mikate akinisikia nikijikongoja na sentensi yangu ananihurumia na kuhamia Kiingereza kabla sijafika kwenye kitenzi. Kwenu hakuna huruma ya aina hiyo. Lugha ya utawala ni Kijerumani, sheria imesema. Kwa hiyo pale ambapo nikikosea neno nala hasara ya senti chache, ninapewa lugha zote duniani, na pale ambapo nikikosea neno naweza kufukuzwa nchini, ninapewa moja.

Katikati ya haya visa ikaisha, na hati ya muda ya kunizibia pengo nayo inachukuliwa kwa miadi. Ndipo shangazi akafariki. Kwetu shangazi hazikwi kwa simu. Nilikaa chumbani nikasikiliza matanga kwenye spika, mtandao ukikatika kila wanapofika kwenye dua, kwa kuwa nikivuka uwanja wa ndege sina karatasi ya kunirudisha. Nyinyi siku hiyo mlikuwa mmefunga saa sita mchana. Sijui mnalalaje. Hilo ni swali, si lugha ya adabu, na sitalifuta.

Naam. Turudi kwenye utaratibu.

Baada ya kutafakari, naomba rasmi kubadilishiwa daraja, nitolewe kwenye wanafunzi na nisajiliwe kama mjusi. Ninao mfano. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mzaliwa wa Lindi kama mimi, anaishi Berlin kwenye makumbusho ya viumbe bila kusumbuliwa na mtu. Alichimbuliwa pamoja na wenzake kati ya mwaka 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, na msimamizi mashuhuri wa uchimbaji alikuwa mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa na wapagazi hadi bandarini Lindi, wakati vita vya Maji Maji vimekwisha juzi tu na kusini bado kunanuka njaa. Meli haikudai miadi. Mwaka 1937 alisimamishwa ukumbini, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na hakuna aliyemwambia chumba ni kidogo. Hata jina lake la kisayansi limebadilishwa, kutoka Brachiosaurus hadi Giraffatitan, wala hakuambiwa alete cheti cha kuzaliwa.

Masharti yote nayatimiza. Nitasimama wima, shingo juu, nikiangalia dari. Akaunti iliyofungwa sitaihitaji, maana sitakula. Bima pia sitaihitaji, maana ubavu ukilegea watakuja mafundi na gundi. Chini ya miguu yangu kutawekwa kibao kinachonieleza kwa Kijerumani fasaha, kila kibainishi mahali pake, nami nitakisoma kutwa hadi niijue dativu. Watoto wa shule watanizunguka wakiulizana kama nilikuwa mpole, na kwa mara ya kwanza nitawasikia Wajerumani wakizungumza nami bila kunihamishia Kiingereza. Jumatatu makumbusho hufungwa, nitajifunza msamiati. Muda wa kukaa naomba uwe kama wa mwenzangu, usio na kikomo. Umri wake ni kama miaka milioni 150, kwa hiyo hata nikichelewa kuleta karatasi, mbele yake bado nitaonekana mwepesi.

Maombi mengine ni madogo. Mlinzi afundishwe neno la pili. Kalenda iwekwe siku moja ya kijani, hata ya uongo, tupate usingizi. Na yule mama wa dirishani anirudishie pini zangu.

Jibu litumwe kwa posta, kama ilivyo desturi yenu. Mkiikosa anwani yangu, waulizeni wale wa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Wao walinipata kabla sijanunua hata mto wa kulalia.

Wenu mtiifu,
Mwombaji, nambari ya jalada bado haijatolewa.