Sinema Bubu Tisa za Kutuma Kwenye Kundi la Ukoo (na Nyingine za Kukufukuzisha)

Kabla hujaanza kubisha, sheria ni hizi. Filamu iwe bubu, iwe fupi, na iwe imetengenezwa babu yako hajazaliwa. Kigezo ni kimoja, nacho ni kikali kuliko cha tamasha lolote la Ulaya: ukiituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi ataisambaza, au atauliza aliyeituma ana matatizo gani? Nyingi zinapatikana bure mtandaoni na kadhaa hazimalizi dakika, kwa hiyo kisingizio cha bando hakipokelewi. Na mtakaouliza mbona watu wanatembea upesi vile: kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha kama 16 kwa sekunde. Ukizikimbiza 24 kwa sekunde, hata mzee wa heshima anatembea kama kibaka aliyeitiwa mwizi.

Tunahesabu kutoka mkiani.

9. Treni Yaingia La Ciotat (1896)

Ndiyo, nimeiweka ya mwisho. Mawe yenu nayasubiri. Hii ya ndugu wawili Lumière ndiyo inayodaiwa kuwatimua watu ukumbini wakidhani treni inawaparamia. Wanahistoria wametafuta ushahidi wa mbio hizo na hawajapata wa maana. Hata kwenye onyesho lao maarufu la Paris la tarehe 28 Desemba 1895 haikuwemo. Ukiitazama leo unaona abiria wanashuka kwa adabu, wengine wanapanda kwa adabu, wala hakuna anayepitisha begi dirishani kuwahi siti.

*Hukumu:* Uzushi umeizidi filamu. Shangazi atajibu, "Halafu?"

8. Busu (1896)

Kampuni ya Edison iliwachukua waigizaji wawili wa jukwaani, May Irwin na John Rice, ikawarekodi wakibusiana. Sekunde 18 hivi. Nyingi zinaishia kwenye maongezi, shavu kwa shavu. Kisha bwana anajivuta nyuma, anazinyoosha sharubu zake, ndipo anafika. Wapo waliokasirika wakati ule wakasema ni aibu tupu. Nimeitafuta hiyo aibu, nimekuta sharubu.

*Hukumu:* Admin ataifuta, baada ya kuihifadhi.

7. Ukuta Unaobomolewa (1896)

Lumière tena. Wafanyakazi wanaangusha ukuta, vumbi linatimka. Kisha filamu inaendeshwa kinyumenyume, ukuta unainuka wenyewe. Basi.

*Hukumu:* Mafundi pekee katika historia waliomaliza siku waliyoahidi.

6. Chafya ya Fred Ott (1894)

Fred Ott alikuwa mfanyakazi wa Edison huko New Jersey. Bosi wa kamera, W.K.L. Dickson, alimsimamisha mbele ya mashine, jamaa akavuta ugoro, akapiga chafya. Sekunde tano, imekwisha. Sasa sikiliza: waliisajili! Picha zake zilipelekwa Maktaba ya Bunge la Marekani kwa ajili ya hakimiliki, na ndiyo filamu ya zamani zaidi iliyosalia yenye usajili huo. Unawajua wanamuziki wangapi wenye albamu tatu na hawana hata karatasi moja? Chafya ya mtu ina hati.

*Hukumu:* Shangazi ataisambaza na kuandika chini yake, "Chemsha tangawizi na ndimu."

5. Nguruwe Mcheza Dansi (1907)

Pathé ya Ufaransa ilimvalisha mtu vazi la nguruwe jitu, juu yake ikamtia suti, kisha ikamchezesha na binti. Mpaka hapo tuko pamoja. Lakini mwishoni tunaletewa uso wake karibu kabisa: macho yanazunguka, ulimi unaning'inia, masikio yanapepea, meno yanajitokeza. Hakuna aliyeomba kuona hayo.

*Hukumu:* Haitumwi kwa sababu mbili. Nusu ya ukoo ni Waislamu, na nusu iliyobaki inapenda kulala. Mkitaka wanyama, watafuteni Paka Mabondia wa 1894, waliovishwa glavu na kutiwa ulingoni. Naam, hata video za paka alianza nazo Edison.

Mapumziko ya kutukanana

"Mwezi wenye roketi jichoni uko wapi?" Haumo. *Safari ya Mwezini* ya Georges Méliès (1902) inakula karibu robo saa, na inaanza na kikao cha wanaastronomia wenye kofia zilizochongoka wakigombana. Vikao vya harusi vinanitosha. Sikatai kwamba ina vituko vyake: mwavuli ukichomekwa ardhini unageuka uyoga, na wenyeji wa Mwezini wakipigwa wanalipuka moshi. Tena huko Marekani waliinakili wakaiuza bila kumlipa mwenyewe, kwa hiyo wauza sidii feki wana mababu.

Na nani kasema filamu bubu zilitazamwa kimya? Palikuwa na piano. Palikuwa na wasimulizi pia. Japani waliwaita benshi, na baadhi yao walivuta watu kuliko waigizaji wenyewe. Mliokuzwa na wasimulizi wetu wa filamu, DJ Afro au Lufufu, hamhitaji mhadhara hapa.

4. Mwagiliaji Aliyemwagiliwa (1895)

Hii ilikuwemo kwenye lile onyesho la Paris la ndugu Lumière. Mtunza bustani anamwagilia, mtoto mtukutu anakanyaga mpira, maji yanakata. Mzee anachungulia mdomo wa mpira. Mtoto anainua mguu. Unajua kinachofuata, na bado utacheka. Ila utamu hasa uko mbele kidogo: mtoto anatimka, mzee anamnasa huko pembeni, na badala ya kumchapa hapohapo anamburuta kwanza hadi mbele ya kamera. Sinema bado changa kabisa, tayari kuna mtu anayejua pa kusimama ili aonekane.

*Hukumu:* Itasambazwa. Mjadala wa viboko utadumu mpaka Jumapili, na mjomba mmoja atajitoa kundini.

3. Mkasa wa Mary Jane (1903)

Kazi ya Mwingereza G.A. Smith, na anayecheza ni mkewe, Laura Bayley. Mary Jane ni mtumishi wa ndani. Anapiga viatu kiwi, anajichora sharubu kwa kiwi hiyohiyo, anatukonyeza. Jiko halitaki kuwaka. Basi anachukua mafuta ya taa, anamimina bila kipimo. Mara ya pili tunapomwona anatokea kwenye dohani, angani, kisha vipande vyake vinaanza kushuka. Siku ya kuzuru kaburi mzimu wake unafufuka. Haujaja kulipiza kisasi. Umefuata kopo lake la mafuta.

*Hukumu:* Kwa bei ya mafuta ya taa, hata mimi ningerudi.

2. Mmezo Mkubwa (1901)

Hove, Uingereza, kazi ya James Williamson. Bwana mmoja hataki kupigwa picha. Anaijia kamera huku anafoka, uso unajaa, mdomo unajaa, mdomo unafunguka, giza. Mpiga picha anatumbukia humo na mashine yake. Bwana anarudi nyuma taratibu, anatafuna, roho yake nyeupe. Yeyote aliyewahi kumulikwa taa na mpiga video wa harusi, mkono una pilau na mdomo una mnofu, atamtetea huyu bwana mahakamani.

Wajuaji mtauliza: mpiga picha kaliwa, nani kaendelea kurekodi? Kaeni chini.

*Hukumu:* Itumwe usiku wa kuamkia harusi yoyote.

1. Bibie Ana Hamu (1906)

Alice Guy aliajiriwa kuwa katibu wa Léon Gaumont, akaishia kusimamia filamu za kampuni nzima. Hapa anatuletea mjamzito aliyetoka matembezi na mumewe, mume anahangaika na kigari cha mtoto. Bibie anampora mtoto pipi ya kijiti. Anampora bwana wa mkahawani kileo chake cha absinthe. Anampora ombaomba samaki! Anampora mchuuzi kiko! Na kila baada ya wizi kamera inamsogelea, tumtazame anavyonyonya, anavyotafuna, anavyovuta moshi kwa raha zake. Kwetu angeishia kwenye udongo na embe bichi la chumvi. Mume kazi yake ni kufukuzana na aibu, hadi wanagombana, bibie anaangukia kwenye kabichi, na mtoto anapatikana palepale shambani.

Chaplin alikuwa bado hajaingia kwenye sinema. Namba moja ni hii, na sitaki vikao.

*Hukumu:* Shangazi ataisambaza, kisha atasimulia mimba zake zote kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Anayebisha alete filamu yake. Mwenye roketi jichoni asijisumbue.