Kitindamimba wa Mzee Asiyekufa

Elrond, mhusika asiyekufa wa riwaya za Tolkien, aliishi zaidi ya miaka 6,000 akapata watoto watatu. Angekuwa wa Kisumu, shangazi zake wangeshaitisha kikao.

Lakini hebu mweke mzee asiyekufa pale Kano. Wanawe wakubwa wameshahama, kila mmoja na boma lake, na ng'ombe wote wa mahari wametoka zizi lile lile. Amebaki kitindamimba, ambaye kwa desturi ya Waluo ndiye mrithi wa boma la wazazi. Ana miaka 900. Kila asubuhi anamwamkia baba kwa adabu, kisha anauliza kile kikohozi kimefikia wapi.

Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo mwenye mwili wa jiwe, alisalitiwa na mke. Mke tu! Sembuse mrithi aliyesubiri miaka 900. Waandishi wa fantasia si wavivu wa kuwapa wahusika wao watoto wengi. Wanakwepa kesi za ardhi.