Jiwe Lilipoitika

Ipogolo, hapa Iringa, ni mahali ambapo malori ya Zambia husimama kupumua, lakini wahubiri wenye vipaza sauti hawapumui kabisa. Hapo ndipo ninapouza spea, na ninajulikana kama mtu asiyeamini mpaka ashike. Mwaka 2011, majirani walipofunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu Mwasapile kwa shilingi 500, mimi niliwauzia filta za safari nikabaki.

Hata Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, sikumwacha. Fuvu lake lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa Kalenga mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulichagua huko Bremen kati ya mafuvu mengi kwa kuchukua vipimo. Nikawauliza wazee: je, kama alikosea? Mimi mwenyewe, na lebo ninazo, kuna siku namuuzia mtu wa Scania spea ya Fuso. Wazee walininunia mwezi mzima.

Basi mpwa wangu akaja kutoka Dar es Salaam, akataka kuona Gangilonga, lile jiwe la juu ya mji ambalo husimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akienda kutafakari, na kwamba lilikuwa likisema. Tukapanda mlima kwa bajaji. Kule juu, ili kijana apate elimu, nikalipigia jiwe kelele: "Haya, kama unasema, tusalimie!"

"Kamwene!" likaitika.

Nilishuka kwa makalio. Suruali haikufika chini pamoja nami.

Nyuma ya mwamba alikuwepo mama mtu mzima, Biblia mapajani. Alikuja kusali, kama wengi wanaolipenda jiwe lile kwa utulivu wake, akadhani nimemwamkia yeye.

"Mwanangu, unasumbuliwa na nini?"

"Suruali, mama."

Alicheka hadi akafuta machozi. Akanipa kitenge chake cha pili nijifunge, akaniuliza jina, akaniwekea mkono kichwani. Aliniombea duka, magoti, hata wateja wanaonikopa. Hakuniuliza nasali wapi. Koo likanikaba, na "Amina" ikatoka kabla sijaikagua.

Sauti ile nilikwisha kuipatia maelezo. Mwenye nayo nilimwona. Ila kuombewa na mtu asiyenijua, asiyetaka sadaka wala asiyesubiri nishuhudie, mpaka leo sijui nikuweke rafu gani.

Mpwa wangu hakuwa na shida ya rafu. Alikuwa na simu. Bajaji ilipotufikisha Ipogolo, muuza chipsi alikuwa tayari anasimulia jinsi jiwe lilivyoniita kwa jina la ukoo na kunivua suruali ya dhambi. Nikaeleza: kulikuwa na mama, alikuwa nyuma ya mwamba, alijibu salamu.

"Mama gani?" wakauliza. "Anaitwa nani? Anakaa wapi?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Na hicho kitenge?"

"Ndiyo, ni cha huyo mama."

Wakatazamana. Mwingine akakigusa pindo, kwa adabu.

Nimetetea ukweli huo gerejini, msibani na kwenye vikao vya ulanzi. Nina shahidi mmoja, naye ndiye aliyeeneza habari. Jirani aliyekunywa kikombe cha Babu alinishika bega akaniambia kwa huruma, "Kaka, hata mimi hawakuniamini."

Wiki iliyofuata alikuja dereva wa semi-trela, anaelekea Dar es Salaam, akaniomba niziombee breki kabla hajaanza kuteremka mlima wa Kitonga. Nikamjibu kwa ukali: breki haziombewi, zinakaguliwa, ingia chini ya gari sasa hivi. Akaingia. Akakuta mpira wa upepo umechanika, bado kidogo ukatike.

Akanunua mpya dukani kwangu, akaondoka ananishukuru kwa mikono miwili. Sasa Ipogolo wanahesabu miujiza miwili, na huu wa pili una risiti.