Mama Mwenye Nyumba Alifia Kwenye Karai

Mpwa wangu alirudi kutoka kuzamia akiwa na ndoo mkononi. "Shangazi, nimemletea Bibi bahari." Mama yangu miguu imemwisha nguvu, na tangu mwaka jana hajashuka pwani, ingawa hapa Unguja tunasikia mawimbi tukiwa kitandani. Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki watatu wa rangi ya chungwa iliyofifia, kila mmoja ana mstari mweupe mgongoni, kutoka mdomoni hadi mkiani. Mkubwa wao alitoshana na kidole changu cha kati. Tukawatia kwenye karai, Mama akavuta kigoda, chai ikampolea pembeni.

Adhuhuri jua lilipiga ua mzima. Maji yakapata moto, samaki wakawa wanahema juu juu. Niliwaonea huruma, nikawamiminia ndoo nzima ya maji ya bomba wapoe. Alasiri yule mkubwa alikuwa anaelea ubavu.

Jirani yetu, mvuvi mzee, alichungulia karai, akakaa kimya kidogo. "Huyo ndiye aliyekuwa mama wa nyumba," akasema.

Samaki hawa huishi ndani ya anemoni, kiumbe laini wa mwambani mwenye mikono inayochoma samaki wengine. Wao hukingwa na ute wa ngozi yao. Wote huanza maisha wakiwa madume. Katika anemoni moja, mkubwa kuliko wote ndiye jike, wa pili ndiye mumewe, wadogo husubiri zamu. Jike akifa, mume hugeuka jike, na mdogo hupanda kuwa mume. Kumbe hatukuwa tumebeba samaki watatu, tulikuwa tumebomoa nyumba ya watu.

"Warudisheni kwao kabla jua halijazama," Mama akaamuru.

Tuliwabadilishia maji ya bahari, tukapanda ngalawa ya jirani. Mpwa wangu akazama nao hadi kwenye anemoni ileile. Alinisimulia kwamba hawakuingia kwa pupa: waligusa ncha za mikono ya anemoni, wakarudi nyuma, wakagusa tena, mpaka ikawapokea.

Miezi minne baadaye alizamia pale tena. Yule wa pili amenenepa. Kwenye jiwe, chini ya anemoni, kuna mayai, na mdogo anayapepea kwa mapezi yake.